Huruma ya Trafiki Inamhurumia Nani?

Kila inapotajwa habari ya kufunga kamera za mwendokasi barabarani, vijiwe vyetu huwa na jibu moja: mashine haina utu. Trafiki ni binadamu, wanasema. Ukimweleza kwamba unawahi msiba au una mgonjwa, atakuelewa. Kamera inapiga picha, inasoma namba, deni linaingia.

Hoja hii ni tamu, ila tuulize huo utu unamfikia nani. Anayesamehewa ni mshika usukani, na msamaha wenyewe mara nyingi una bei. Faini ya kosa moja la dereva wa gari hapa Tanzania ni shilingi 30,000. "Tuyamalize hapa hapa" ni pungufu ya hapo. Dereva anaokoa fedha, trafiki anapata ya soda, safari inaendelea kwa mwendo uleule. Mtoto wa shule anayesubiri kuvuka barabara kijiji cha mbele hakushirikishwa, wala hakuna aliyemuuliza kama naye amesamehe.

Na mwenye la kupoteza ni yeye. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. La 80 hupita mita 22. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65. Ni kilomita 15 tu, ambazo dereva aliyepigwa tochi ya kupimia mwendo huapa kwamba "amezidisha kidogo".

Wapo wanaosema kamera ni mradi wa mapato. Hofu hiyo ina chanzo: trafiki anayejibanza kichakani na tochi yake, mahali ambapo hata kibao cha 50 hakionekani. Matokeo yake tunayajua. Madereva wanawashiana taa, wanapunguza mwendo, wakishampita wanakanyaga mafuta. Kamera iliyotangazwa kwa kibao kabla ya shule au soko haimvizii mtu. Asiyetaka kuichangia serikali apunguze mwendo, hatadaiwa hata senti.

Uganda ilianzisha faini za kielektroniki zinazotokana na kamera mwaka 2025, ikazisitisha muda mfupi baadaye kutokana na malalamiko ya wananchi. Wapinzani wa kamera wanaitaja kama ushahidi wao. Lakini miongoni mwa yaliyowaudhi wengi kule ni viwango vya mwendo na alama za barabarani, mambo yanayorekebishika. Rwanda kamera zipo kwa miaka sasa. Madereva wamezibatiza jina la Sofia, na wakimkaribia wanapunguza.

Kwa hiyo tudai yanayostahili kudaiwa: vibao vionekane, vifaa vipimwe usahihi wake, mwenye gari aoneshwe picha na awe na haki ya kupinga. Zaidi ya yote, V8 ya mkubwa isomwe sawasawa na Noah ya abiria. Wakubwa wakiondolewa kwenye mfumo, nami nitasimama na wanaopinga.

Maana sifa kubwa ya mashine ni hiyohiyo inayolaumiwa, ya kutoelewa maneno. Haielewi kisingizio, haielewi noti iliyokunjwa ndani ya leseni, wala haielewi "unanijua mimi ni nani?" Mlalahoi hana cha kupoteza kwa kamera ya namna hiyo. Anayepoteza ni yule aliyezoea kueleweka.