KOBE SI KUKU

Haifai mwananchi wa Ngara au Biharamulo kumwokota kobe porini na kumfuga kama kuku. Mnyamapori ni mali ya umma; Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 yataka kibali kwanza. Tena tangu mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa.

Ndugu zetu wa Visiwani wanao mfano wa Changuu. Kobe wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana hata wakafika 200 mwaka 1955. Wizi ukawapunguza, wakabaki saba mwaka 1996. Kuiba kobe ni kazi ya usiku mmoja. Kumkuza hadi atage ni kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo anayetaka kufuga na aanze kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Akipata kibali, ndipo ajenge uzio wenye jua, kivuli, majani, maji na udongo laini wa kufukia mayai. Nao watumishi wa Serikali wasimzungushe mwombaji. Mlango wa halali ukifungwa, wa magendo hufunguka.