Dogo wa Iowa Hajaonewa, Kafundishwa Nusu ya Mieleka

Ile klipu imeshafika kila grupu la WhatsApp. Dogo wa Kikongo, kakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla familia haijahamishiwa Marekani, sasa anasoma chuo kimoja Iowa na anapigana mieleka uzito wa paundi 149, yaani karibu kilo 68. Jina linahifadhiwa, ingawa wenye kumjua wameshamjua. Dakika mbili nzima yuko chini, mwenzake kamlalia mgongoni kama gunia la mkaa. Anainuka, anarudishwa. Anainuka tena, anarudishwa. Kengele inalia, kapoteza 5-3.

Maoni yalivyomiminika, Mungu anajua. "Kalaliwa kama godoro." "Arudi Kigoma akavue dagaa." Shangazi mtu ndiye kamaliza kabisa, kaandika kwenye grupu la ukoo kwamba kijana aache huo mchezo wa kudhalilishana, atafute kazi kiwandani kama wenzake. Na mama mtu kayasoma yote hayo akiwa anatoka zamu ya usiku.

Sasa basi. Kabla ya kumcheka, ni vizuri mtu ajue alichokuwa anakiangalia.

Wengi wamelelewa na mieleka ya kwenye TV, ile ya kurushiana viti. Wengine wanajua ile ya Senegal, ambayo mgongo ukigusa mchanga, habari imeisha, nenda nyumbani. Kwa macho hayo mtu akiwa chini kashashindwa. Lakini mieleka ya vyuo vya Marekani ni mnyama mwingine kabisa. Kule chini ni sehemu halali ya mchezo, ina pointi zake, na mtu anaweza kuichagua mwenyewe kwa hiari yake!

Ndiyo, kuichagua. Pambano la chuo lina dakika tatu za kwanza, halafu mbili, halafu mbili tena. Kipindi cha pili mmoja anaulizwa: unataka juu, chini, au muanze wote mmesimama? Cha tatu anaulizwa mwingine. Na wengi huchagua chini, kwa sababu ukichomoka tu unapata pointi 1. Ukichomoka na kumgeuzia kibao, wewe ukawa juu yeye chini, unapata 2. Kumwangusha mtu tangu msimu wa 2023-24 ni pointi 3, zamani zilikuwa 2. Halafu kuna kitu ambacho wanaocheka hawakijui: saa ya kumkalia mtu. Ukimzidi mwenzako kwa dakika 1 au zaidi ya kuwa juu, mwisho wa pambano unaongezewa pointi 1.

Tupieni jicho hesabu ya dogo, maana hapo ndipo pana uchungu. Kipindi cha kwanza alimwangusha jamaa, 3-0. Jamaa akachomoka, 3-1. Cha pili jamaa akachagua chini, akachomoka ndani ya sekunde chache, 3-2. Cha tatu zamu ya dogo, naye akachagua chini. Uamuzi sahihi kabisa! Akichomoka mapema inakuwa 4-2 na ile saa ya kukaliwa haijajaa. Badala yake hakuchomoka, mgongo wake ukaelekezwa kwenye zulia refa akahesabu, jamaa akapata 2, na ile pointi 1 ya muda ikaja juu yake. 5-3. Dogo ndiye pekee aliyemwangusha mtu siku ile, na ndiye aliyepoteza.

Hayo si maonezi. Wale wanaoandika kwamba refa kambania kwa sababu ya rangi, safari hii watafute pengine. Refa alifanya kazi yake.

Tatizo linaonekana ukiitazama klipu bila sauti ya wachekaji. Dogo kainuka mara tatu, na mara zote tatu alipovutwa kurudi chini akatulia. Sekunde mbili, tatu, kama mtu anayesubiri basi. Jamaa wa juu hakuwa na nguvu za ajabu, alikuwa anapewa muda wa kujipanga upya. Wajuzi wa mchezo huu wanasema kosa la mtu wa chini mara nyingi haliko kwenye jaribio la kwanza, liko kwenye kukosa la pili na la tatu. Unasimama, ukirudishwa unakaa kitako na kugeuza kiuno, ukibanwa hapo unamchukua mkono na kumzunguka nyuma, ukishindwa unasimama tena. Haipo pause.

Na mikono, jamani, mikono! Ule mkono wa jamaa uliozunguka tumbo la dogo ndio uliomshikilia dakika mbili. Dogo anajaribu kukimbia na kiuno wakati kufuli bado limefungwa. Unaushika kwanza ule mkono, vidole vyote vinne kwa pamoja maana kukunja kimoja kimoja ni kosa, unaubandua, viwiko vimebana mbavu, mgongo unamsukuma yeye nyuma, ndipo unasimama. Ukisimama na mkono wa mtu bado tumboni umembeba tu, na mtu aliyebebwa anakurudisha chini anapotaka.

Kuna pia ule mtindo wa kubiringika begani, wenye jina la shule ya Granby ya Norfolk, Virginia. Unapendeza kinoma kwenye klipu na vijana wote wanaukimbilia. Dogo naye alijaribu, na hapo hapo ndipo mgongo wake ulipokamatwa. Kubiringika kwa mtu aliyeshikwa kiuno sawasawa ni kumrahisishia kazi.

Lakini lawama yote isimwangukie kijana. Kocha wake, ambaye naye jina linawekwa kando, anajulikana kwa kupenda kuangusha. Mazoezi yake ni kusimama, kushikana, kuangusha, tena na tena, kwa sababu kuangusha ndiko kunakoleta kelele ukumbini na likes mtandaoni. Kazi ya chini inaachwa mwisho, watu wameshachoka, inafanywa dakika kumi za kuzugazuga, kila mmoja anamwachia mwenzake achomoke ili wakaoge. Halafu siku ya pambano unamlaumu mtoto kwamba hana moyo. Moyo gani? Mtu hawezi kutoa alichokuwa hajawekewa.

Dawa yake inajulikana na wala haina siri. Mazoezi ya chini yanafanywa mwanzo, mwili ukiwa bado na nguvu. Yanaanzia pabaya: tumbo kwenye zulia, mtu juu, mkono mmoja umeshabanwa, kisha filimbi na sekunde kumi na tano za kutoka hapo mpaka magotini, kutoka magotini mpaka wima. Mwenzako akichoka anabadilishwa, analetwa mwingine mbichi. Wewe hubadilishwi. Ni mazoezi ya kuchosha na hayana picha nzuri hata moja, ndiyo maana hayaonekani kwenye stori za mtu yeyote.

Wapo wanaouliza kwa nini asihamie mieleka ya Olimpiki, ambako kuchomoka hakuna pointi na refa akiona hakuna kinachoendelea chini anawasimamisha wote. Ni hoja, lakini ufadhili wa masomo yake uko kwenye mieleka ya chuo, na ufadhili huo unaangaliwa upya kila mwaka. Akiendelea kukaliwa dakika mbili mbili, mwakani ada italipwa na nani? Shangazi hajalijibu hilo.

Habari za chini ya kapeti zinasema tangu klipu ivuje, dogo amekuwa akibaki ukumbini kila jioni na mwenzake mmoja wa uzito wa juu zaidi, anamlalia mgongoni na kumkatalia kutoka. Kocha wa mitindo ya chini, msaidizi ambaye zamani hakuwa anasikilizwa, ndiye anayeshika saa. Juzi inasemekana dogo alichomoka mara nne, akabanwa mara kumi na moja, akaomba waanze tena.

Jumamosi anapanda zuliani. Mama mtu kashabadilishana zamu na mwenzake kiwandani ili akakae ukumbini mwenyewe, safari hii bila simu.