Mtaala wa taifa si adui wa mtoto wa mpakani

Juzi katika mazishi huko Matayos, mwalimu mmoja mstaafu alipewa kipaza sauti awafariji wafiwa, akaishia kuushambulia mtaala. Alidai mtaala wa taifa umetungwa kwa ajili ya watoto wa Nairobi, kwamba anayemjua mtoto wa Busia ni mzazi wake na mwalimu wake, na kwamba kila shule ingeachiwa iamue yenyewe itakachofundisha. Umati ukampigia makofi. Nilikereka. Kwanza, matanga yetu yamegeuzwa majukwaa ya kila mwenye kinyongo na serikali, na hiyo ni aibu. Lakini kilichoniuma zaidi ni yale makofi, kwa sababu imani hiyo imeota mizizi kutoka Port Victoria hadi Tororo, na anayeilipia ni mtoto.

Ubishi huu haukuanzia Matayos. Mwaka 2019 chama cha walimu cha Kenya, KNUT, chini ya Wilson Sossion, kilisusia mafunzo ya mtaala mpya wa umilisi, CBC. Mwaka 2021 kesi ya kuupinga mtaala huo ilifikishwa Mahakama Kuu, wakili akiwa Nelson Havi. Ng'ambo ya mpaka, wabunge wa Uganda walipitisha azimio mwaka 2020 la kusitisha mtaala mpya wa sekondari ya chini. Waziri wa Elimu, Janet Museveni, akashikilia msimamo, na wanafunzi wa kwanza wakafanya mtihani wa UCE chini ya mtaala huo mwaka 2024. Kenya nayo ilifanya mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023. Mitaala yote miwili imesimama. Kelele hazijaisha.

Na kelele zenyewe ni za nini? Eti mzazi alilazimika kwenda saiba kulipia picha ya ng'ombe. Hii ndiyo hoja niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, inatolewa na watu wazima wenye shahada. Ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba, mtoto anamkamua kila asubuhi, halafu mwalimu mvivu akiagiza picha ya rangi, lawama anatupiwa mtaala! Mwalimu huyo angekuwa mvivu hata chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4. Wengine wanasema wamechoshwa na kutengeneza sanamu za kufukuzia ndege shambani. Hao ndio wazazi wanaolipia bila kunung'unika masomo ya ziada yanayoanza alfajiri katika shule za kibinafsi, ambako mtoto wa miaka minane husinzia darasani kabla jua halijapanda. Hilo halijawahi kuwapeleka mahakamani.

Kila mama anayenunua mahindi sokoni anajua kwamba kuna wachuuzi wanaogonga kitako cha gorogoro ya kupimia kiingie ndani ili ujazo upungue. Akiligundua, atagomba na mchuuzi. Sijamsikia hata mmoja akidai gorogoro zifutwe sokoni. Bila kipimo kimoja, utajuaje umepunjwa?

Ndiyo maana namshangaa mzazi wa Budalang'i au Funyula anayetaka kiwango cha taifa kiondolewe. Mwenye fedha hahitaji kiwango cha taifa, ananunua chake. Atampeleka mtoto Nairobi au Kampala, na mambo yakiharibika atambadilishia shule. Maskini ana ahadi moja tu ya serikali iliyoandikwa, nayo ni ile inayosema mtoto wa Gredi ya 9 afundishwe hivi, kwa vifaa hivi, na mwalimu mwenye ujuzi huu. Ukiifuta hiyo, utaidai maabara kwa karatasi gani? Shule ikijiamulia kufundisha sayansi bila majaribio kwa kuwa haina maabara, basi imetimiza kiwango chake yenyewe, na wewe huna kesi.

Siukatai upungufu. Walimu wanagenzi wa sekondari ya chini (JSS), waliokuwa wakilipwa takriban shilingi 20,000 kwa mwezi, waligoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu, na walikuwa na haki. Lakini madai yao yalikuwa na nguvu kwa sababu mtaala ule ule unaotukanwa ulisema kazi hiyo inahitaji mwalimu aliyesomea. Wangedai kwa karatasi gani kama kila shule ingekuwa na wake?

Atakayeshikilia kwamba kila mahali pajipangie, na aje mpakani aone. Nilikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu mmoja upande wa Kenya alipoingia mama anayeuza mitumba katika soko la Sofia, na binti yake aliyekuwa darasa la sita (P.6) katika wilaya ya Tororo. Ripoti ya mtoto ilikuwa na Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, yale masomo manne ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda. Kiswahili hakikuwemo. Kilimo hakikuwemo. Mwalimu akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Mama, huyu nitamrudisha Gredi ya 4, hapo Kiswahili atakipata polepole." Mama akauliza, "Mwalimu, mbona alikuwa wa tatu darasani?" Binti alitazama sakafu. Miaka miwili ilimpotea hivyo hivyo, na hakuna kosa alilofanya.

Haikuwa hivi zamani. Kabla Kenya haijaanzisha 8-4-4 mwaka 1985, pande zote mbili zilikuwa na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya juu, na kulikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Msamia au Mteso alivuka na kitabu chake bila kupoteza darasa. Leo kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kinapitisha lori la saruji kwa karatasi za aina moja, ilhali mtoto anapimwa upya kama mgeni.

Na Kiswahili chenyewe! Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini bado wapo wazazi wanaokiita lugha ya askari na majambazi. Hao hao huvuka kila siku kuja kufanya biashara kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Busia, Malaba na Tororo: muhula ujao mkutano wa shule ukiitishwa, msipoteze saa nzima kuulaani mtaala. Uombeni uletwe mezani. Someni shule inatakiwa kuwa na nini, kisha mwulizeni mwalimu mkuu, MCA au diwani wenu maabara iko wapi, mwalimu wa sayansi yuko wapi na mwalimu wa Kiswahili anafika lini. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.