Chama cha Redio ya Ridhaa Kina Faida Gani?

Wako wasemao ya kuwa, maadamu simu za mkononi zimeenea, vyama vya redio ya ridhaa vimebaki kuwa mchezo tu. Sikubaliani nao. Simu hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme; mnara ukianguka, simu huwa bubu. Mrushaji wa ridhaa huhitaji betri, mtambo mdogo na waya. Katika masafa ya megahezi 7, wimbi lina urefu wa meta 40 hivi, na waya wa nusu yake, yaani meta 20, watosha. Mawimbi hayo hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa liitwalo ayonosfia, yakafika mbali pasipo mnara.

Hayo yalithibitika tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi. Warushaji wa ridhaa kutoka India bara, waliokuwako Port Blair kwa shughuli zao za redio, walipeleka bara habari za walionusurika.

Lakini arushaye peke yake hasaidii kitu. Lazima awepo wa kumsikia. Ndiyo maana ya chama: watu waliokwisha kuzoeana hewani kabla ya msiba. Kwa hiyo yafaa shule zetu za sekondari ziwe na vyama hivyo. Wanafunzi waanze kwa kusikiliza, kisha wajiandae kwa mtihani wa leseni, kwani kurusha bila leseni hakuruhusiwi. Hivyo fizikia ya mawimbi itawafaa na majirani. Akiba haiozi.