Nani Aliyeshindwa?

Mwaka 1991 timu ya Chuo Kikuu cha Prairie View, Texas, inayocheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ilishindwa mechi zake zote 11. Ilipata pointi 48, wapinzani 617. Wako waliocheka. Sisi tunauliza: nani hasa aliyeshindwa?

Timu hiyo ilikuwa bingwa wa vyuo vya Weusi wa Marekani mara tano baina ya 1953 na 1964. Lakini fedha za idara ya michezo zilipoingia dosari, mchezo ulisimamishwa mwaka 1990. Uliporejeshwa, wachezaji hawakupewa ufadhili wa masomo. Dosari ilikuwa ofisini, adhabu ikawa uwanjani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Hata hivyo vijana hawakuacha kucheza. Baada ya kushindwa mara 80 mfululizo tangu 1989, waliifunga Langston 14 kwa 12, Septemba 1998.

Texas ni mbali na visiwa vyetu, somo li karibu. Kiongozi aliyekabidhiwa timu, skuli au shamba, kabla ya kuwalaumu vijana, na atazame kwanza alichowapa.