Mkitupatia pikipiki, tupeni na gadi yake

Vijana wenzetu, na nyinyi dada na kaka mnaofanya kazi za misaada, leo tuongelee kitu kidogo cha chuma: stendi ya nyuma, ile ya kunyanyulia pikipiki uani mpaka tairi la nyuma liachane na ardhi.

Kwetu Vamizi na visiwa vya jirani, kila mtoto anajua gadi ni nini. Chombo kikipandishwa ufukweni kutengenezwa, kinawekewa magadi pande mbili ndipo fundi aingie chini kukalafati. Hakuna nahodha anayefanya mchezo na hilo. Chombo kikimlalia mtu, habari ya ufundi imekwisha.

Visiwa viliposhambuliwa Septemba 2020, wengi tulivuka bara, na leo wapo wenzetu wanaokula kwa pikipiki badala ya bahari. Wengine wamezipata kwenye miradi, wengine wanaendesha ya tajiri na kupeleka hesabu. Lakini magadi hayakuja nazo. Tunaiegemeza kwenye mwembe, tunaipachika juu ya tofali, au tunailaza ubavu petroli ikivuja. Basi sisi tunasema wazi: mradi unaotoa pikipiki bila kitu cha kuinyanyulia umetoa nusu.

Kwa nini? Mchanga na chumvi ya pwani ni maadui wa cheni. Cheni chafu na kavu inakula meno ya sproketi, na ikikatika njiani, aliyepakiwa nyuma yuko hatarini. Kuisafisha na kuitia oili kunataka tairi lizunguke mzunguko mzima. Kwenye stendi ya ubavuni tairi limekanyaga chini, unasukuma hatua moja, unapaka kidogo, unasukuma tena. Ukichoka unaacha, na wiki zinapita.

Mtasema pikipiki nyingi huja na stendi ya katikati. Kweli, na kama ni nzima itumieni. Lakini ikibebeshwa mizigo kila siku pini zinalika, springi inakatika, na wengine wameshaing'oa. Stendi ya nyuma inashika ule mkono wa chuma unaobeba tairi, kulia na kushoto, na mpini wake mrefu unakusaidia kunyanyua. Fundi wa kuchomelea anaweza kuiunda kwa bomba la chuma. Tena moja inatosha ua mzima. Haina haja kila mtu awe na yake.

Matumizi yake yanataka adabu. Chagua ardhi ngumu, na kama ni mchanga tandika ubao mpana, la sivyo stendi inazama. Zima injini, weka gia huru, zuia tairi la mbele kwa jiwe. Mmoja ashike pikipiki wima, mwingine akandamize mpini taratibu mpaka chini. Itikise kidogo kabla ya kuiamini. Tairi lizungushwe kwa mkono tu. Injini ikiwaka, cheni haichagui kitambaa wala kidole. Ukikaza cheni, angalia alama za pande zote mbili zilingane, tairi lisikae upande. Na watoto wasiipande ikiwa juu.

Kuna watakaosema fundi yupo, mpelekeeni. Sawa, injini ikifa tutampelekea. Lakini kumlipa mtu kwa kupaka oili, au kwa kufungua tairi lenye pancha, ni kupunguza unga wa nyumbani kwa kazi ya nusu saa.

Ndugu zetu wa mashirika, kofia ngumu na mafunzo ya leseni ni jambo jema, tunashukuru. Ongezeni stendi moja kwa kila kikundi, brashi ya cheni, spana ya ekseli, na nusu siku na fundi wa hapohapo mtaani. Agizeni kwa mchomeleaji wa jirani, naye apate riziki.

Na sisi vijana tusikae kusubiri. Kijiwe cha watu kumi kinaweza kuchanga kidogokidogo na kuitengenezesha. Tukubaliane mapema inalala kwa nani na nani anaitunza, maana kitu cha wote bila mwangalizi hupotea.

Kwenye kikao kijacho cha mradi, kabla ya kutia sahihi ya kupokea pikipiki, tuulize: stendi iko wapi?