Apimaye Dhahabu Asiwe Mnunuzi



Katika Wilaya yetu ya Igunga dhahabu si habari ya mbali. Huko Igurubi vijana wetu huchimba, na kwa jirani zetu wa Nzega mgodi wa Golden Pride ulifanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2014. Aidha, pete na hereni hupita mikononi mwetu daima, ziwe za ndoa, za urithi au za rehani. Hata hivyo, ni wachache wawezao kusema kwa yakini kama walichoshika ni dhahabu, au ni shaba ya manjano iliyong'arishwa.

Mjane mwenye pete moja anapotafuta karo ya mtoto humwendea mnunuzi, naye mnunuzi humpimia bure. Hapo ndipo penye mlango wa dhuluma, maana bure hiyo hulipwa ndani ya bei. Karati 18 ni dhahabu robo tatu; karati 9 ni nusu ya hiyo. Akiambiwa pete yake ni ya karati 9 ilhali ni ya 18, nusu ya mali yake imekwenda kwa neno moja, wala hana wa kumwuliza.

Kwa hiyo naona ni jambo la haki kwamba sonara mzee, fundi saa au mwalimu wa sayansi afungue kazi ndogo ya kupima kwa ada. Wapo watakaosema kwamba kumtoza maskini ni kumnyonya. Sikubaliani nao. Ada iliyobandikwa ukutani, iliyo sawa jibu liwe dhahabu au shaba, humfanya mpimaji asiwe na faida katika jibu lolote. Lakini siku atakapoanza kununua alichokipima, kazi hiyo imekufa.

Upimaji wenyewe si uchawi. Pete ya gramu 10 ya dhahabu tupu, ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji juu ya mizani nyepesi, hupungua uzito kwa nusu gramu hivi. Ya shaba ya manjano hupungua zaidi ya gramu moja. Mizani hiyo sharti isome sehemu ya mia ya gramu. Sumaku husaidia kidogo tu, kwani shaba nayo haivutwi. (Kuuma kwa meno tuwaachie wacheza sinema, risasi nayo ni laini.) Sonara husugua pete juu ya jiwe jeusi na kudondosha asidi ya naitriki: shaba hutoka rangi ya kijani. Asidi hiyo huunguza ngozi na mvuke wake ni hatari, basi isikae nyumbani penye watoto.

Mpimaji mwaminifu atasema pia mipaka yake. Asidi huonja ngozi ya juu tu. Maji hudanganywa na pete yenye kito au yenye uwazi ndani, na madini ya tangsteni yana uzito unaokaribiana mno na wa dhahabu. Asiyetaja hayo mbele ya mteja ni wa kuogopwa.

Kuhusu dhahabu ghafi ya wachimbaji, ushauri wangu ni mwingine. Sheria ya Madini ya 2010 hudai leseni kwa afanyaye biashara ya madini, na tangu soko la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, masoko ya madini yamewekwa ili dhahabu ipimwe na kuuzwa mbele ya maofisa. Kijana wa Igurubi apelekwe huko, asiuzie gizani.

Halmashauri za parokia zinaweza kuanza na mambo mawili: kuhimiza kwamba mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na kwamba kila mteja apewe karatasi yenye uzito, njia iliyotumika, karati zilizokadiriwa, tarehe na sahihi. Mjane akiwa nayo mkononi, ndipo aende kwa mnunuzi.